Barua kwa mwanangu: mbwa mdogo naye ni mbwa

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia kuwa mtoto huyo wa mbwa atafika kwako akiwa na wiki 9, na kwamba hata akikomaa hatazidi kilo 3. Nakuandikia mapema ili akute nyumba imeshajiandaa. Kubwa ninalotaka ulishike ni hili: mwili wake ni mdogo, kwa hiyo njaa, baridi na kuanguka humdhuru upesi, lakini akili yake ni ya mbwa mzima, na anahitaji kufundishwa sawasawa na mbwa wa kilo 40. Watu wengi hawamfundishi mbwa mdogo kwa sababu akikosea wanamnyanyua tu na kumweka kando. Matokeo yake ni mbwa anayebweka mchana kutwa, anayekojoa popote, na anayeuma mikono ya watu wake.

Chakula kwanza, maana hapo ndipo siku za mwanzo huharibika. Mtoto wa mbwa wa umbo hilo hana akiba kubwa ya sukari mwilini. Akikaa saa nyingi bila kula, akicheza kupita kiasi au akipigwa na baridi, sukari ya damu hushuka. Utamwona amelegea, anayumba, anatetemeka, macho yamezubaa, na asiposaidiwa hupata degedege. Mlishe mara 4 kwa siku mpaka afikishe miezi 4, kisha mara 3 mpaka miezi 6, kisha mara 2. Mlo wa mwisho uwe karibu na saa ya kulala. Asali isikosekane nyumbani: ukiona dalili hizo, mpake kiasi cha ncha ya kijiko kwenye ufizi, mfunike apate joto, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama ameshachangamka. Usimmiminie kitu kooni akiwa amelegea, atapaliwa.

Muulize anayekupa ni chakula gani amezoea, uendelee nacho kwa siku chache za kwanza. Ukitaka kubadilisha, changanya robo ya chakula kipya, baada ya siku 2 nusu, kisha robo tatu, mpaka siku ya 7 kiwe kipya chote. Anayebadilishiwa ghafla huharisha, na kwa mwili mdogo hivyo kuharisha siku moja tu ni upungufu mkubwa wa maji. Akikomaa, mbwa wa kilo 3 hutosheka na kilokalori 200 hadi 250 kwa siku, na vipande vya kumtuza visizidi sehemu 1 kati ya 10 ya hizo. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kukandamiza. Usipozihisi, amenenepa, na magoti yake yatalipa.

Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, kitunguu maji, kitunguu saumu, njugu za makadamia na chochote chenye zilitoli (ile sukari mbadala ya kwenye ubani na peremende) ni sumu kwake. Usimpe dawa za watu: kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500 kinatosha kumtia sumu mbwa wa kilo 3. Mifupa iliyopikwa nayo hapana, huvunjika vipande vikali.

Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12 kwa ratiba ya daktari wako. Dawa ya minyoo ipimwe kwa uzito wake halisi, si kwa kukisia. Kabla chanjo hazijakamilika usimweke chini mahali wanapopita mbwa usiowajua, lakini usimfungie ndani pia. Kati ya wiki 3 na 14 ndipo ubongo wake hujifunza vitu gani duniani si vya kuogopwa. Mbebe ukatoke naye: aone baiskeli, watoto, watu wenye kofia, asikie pikipiki na ngurumo za lori, akiwa mikononi mwako na kipande kitamu mdomoni. Anayekosa kipindi hicho huja kubweka kila kivuli.

Sasa haja. Wanaosema mbwa wadogo hawafundishiki kwenda haja nje wanakosea. Kinachotokea ni kwamba kibofu ni kidogo, dimbwi la mkojo ni dogo kiasi cha kutoonekana, na harufu inabaki ikimwita arudi palepale. Mtoe nje mara tu anapoamka, dakika 5 hadi 20 baada ya kula, baada ya kucheza, na kila saa moja akiwa macho. Nenda naye mahali palepale, simama kimya. Akimaliza, mtuze hapohapo, si mkiwa mmerudi mlangoni, kwa sababu ataelewa kuwa anatuzwa kwa kuingia ndani. Usimrudishe ndani mara tu akimaliza; mpe dakika chache za kunusanusa, ama atajifunza kubana ili matembezi yasiishe. Ndani ya nyumba asizurure usipomwona: awe karibu nawe kwa kamba nyepesi, au kwenye kizimba kinachomtosha kusimama, kugeuka na kulala tu. Akikojoa ndani, usimsugue pua wala kumfokea. Atajifunza kujificha nyuma ya makochi. Safisha kwa dawa ya vimeng'enya inayoua harufu, na usitumie yenye amonia, kwa kuwa kwake inanukia kama mkojo.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni kunguruma. Mbwa anayetaka aachwe hugeuza kichwa, hulamba pua, hupiga miayo bila usingizi, hukaza mwili. Hayo yasiposikilizwa hunguruma, na kunguruma kukipuuzwa huuma. Mbwa mkubwa akinguruma watu husogea; mdogo akinguruma watu hucheka na kuendelea kumbana. Baada ya muda huacha kuonya na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Usimwadhibu kamwe kwa kunguruma. Acha unachofanya, kisha utafute sababu, ukianza na maumivu. Kisha mfundishe taratibu: gusa unyayo, kipande; mkono ukiondoka, vipande vinakoma. Fanya hivyo kwa masikio, mdomo, mkia na kucha, sekunde chache kila siku. Kabla ya kumnyanyua sema neno moja, kwa mfano "juu", kisha weka mkono mmoja chini ya kifua na wa pili chini ya makalio. Kumvuta kwa miguu ya mbele au kwapani humuumiza mabega. Na wageni wako waambie wazi kwamba hanyanyuliwi na kila mtu, hata kama ni mzuri wa kutazama.

Kumfundisha kukaa, keti sakafuni. Ukimsimamia kwa urefu wako anaona mlima unamwangukia. Shika kipande, kisichozidi nusu ya njegere, mbele ya pua yake, kipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikipanda, makalio hushuka. Yakigusa chini sema "vizuri" papo hapo na umpe ndani ya sekunde moja. Akiruka, mkono wako uko juu mno. Akirudi nyuma, mfanyie karibu na ukuta. Neno "kaa" liongeze baadaye, akishafanya mara 8 kati ya 10 kwa ishara ya mkono. Kulala chini kunawashinda wengi kwa sababu mbwa mdogo tayari yuko karibu na sakafu: kunja goti lako liwe kama daraja la chini, upitishe kipande chini yake, naye atalazimika kutambaa. Kila somo lisizidi dakika 3, mara 3 au 4 kwa siku, na vipande unavyompa vipunguzwe kwenye mlo wake.

Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Bomba la hewa la mbwa hawa ni laini na kwa wengine hubonyea. Ukisikia kikohozi kinachofanana na mlio wa bata bukini, hasa anaposisimka, nenda kwa daktari. Akiruka hatua moja moja kwa kukunja mguu wa nyuma kisha anaendelea kama kawaida, huenda kile kifupa cha mbele ya goti (pia ya goti) kinateleza. Mifupa ya miguu ya mbele ni myembamba na huvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kochi, kwa hiyo mwekee ngazi ndogo na mkeka usioteleza.

Kumwacha peke yake kufundishwe tangu wiki ya kwanza: toka sekunde 10, rudi bila shamrashamra, kisha dakika 1, kisha 5. Rudi kabla hajaanza kulia. Akilia, uliongeza muda mno, punguza.

Meno hayana msamaha. Mbwa mkomavu ana meno 42, na kwa taya ndogo kama hiyo hubanana na kushika uchafu. Anza na kidole kilichofungwa kitambaa laini, kisha mswaki mdogo, kila siku, upande wa nje wa magego ya juu hasa. Utando usiposafishwa huwa mgumu ndani ya siku chache, na hapo mswaki hautoi kitu. Tumia dawa ya meno ya mbwa, kwani yetu ina floridi naye huimeza. Kati ya miezi 5 na 7 chungulia mdomo kila wiki: ukiona chonge la utoto limesimama pembeni mwa chonge jipya, daktari aling'oe. Mdomo unaonuka mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa ufizi.

Kucha zikatwe kila baada ya wiki 3 au 4, milimita 1 au 2 tu kwa mara moja, hasa zikiwa nyeusi maana mshipa wa damu ulio ndani ya ukucha hauonekani. Ukiukata, bana unga wa wanga juu yake kwa dakika chache.

Nunua mizani ya jikoni kabla hajafika. Mpime kila wiki, saa ileile kabla ya kula, uandike kwenye daftari. Mtoto wa mbwa anapaswa kuongezeka. Uzito ukipungua, hata kidogo, usisubiri wiki nyingine, mpeleke kwa daktari na daftari hilo mkononi.

Mama yako