Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa TEHAMA: antivairasi haitaziokoa hizi seva za zamani

Mkuu, salamu. Nakuandikia kuhusu zile seva zetu ambazo mpaka leo zinatumia mfumo endeshi wa Windows Server 2008 R2. Naandika hadharani kwa sababu kila tukilileta hili kwenye kikao jibu ni lile lile, eti zina antivairasi, leseni imelipiwa, tutulie. Mkuu hatuwezi kutulia.

Microsoft waliacha kuuhudumia huo mfumo tarehe 14 Januari 2020. Zikaja apdeti za kulipia mpaka Januari 2023, sisi hatukuzinunua. Kwa hiyo tundu lolote lililogundulika tangu hapo kwetu liko wazi, na antivairasi kazi yake ni kukagua mafaili na kuangalia programu zinafanya nini, haizibi tundu la mfumo wenyewe, mtu akishapenya hapo akashika mamlaka yote ya seva mara nyingi anaanza kwa kuizima hiyo hiyo antivairasi tunayojivunia.

Kumbuka WannaCry, ile programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai hela, Mei 2017. Ile ilikuwa inaruka kutoka mashine moja kwenda nyingine kupitia SMBv1, ile njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao, hakuna mtu aliyehitaji kubofya kitu. Mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa kiraka chake, yaani apdeti ya kuziba tundu, kilishatoka Machi, ila Windows Server 2003 iliyokuwa imeshaachwa ilipata kiraka cha dharura wakati balaa limeshaanza, na kule Uingereza hospitali zilishafuta miadi ya wagonjwa kibao.

Halafu antivairasi nayo inazeeka. Watengenezaji wengi wanaacha kutoa matoleo mapya kwa mifumo ya zamani, unabaki na toleo la mwisho lililokubali kuingia. Ukiangalia pale pembeni ya skrini alama ni ya kijani, kila kitu safi, sasa ifungue uangalie namba ya toleo na tarehe ya injini yake ya kukagua mafaili ndo utaelewa kwa nini nina wasiwasi.

Najua kuna programu za kazi zinazogoma kwenye mfumo mpya, sisemi tuzime kesho. Lakini wakati tunasubiri kuhama, seva hizi zitengwe kwenye mtandao wao peke yake, SMBv1 izimwe, RDP (njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali) isifikike kabisa kutoka intaneti, ziruhusiwe kuendesha programu zilizoorodheshwa tu, na kwa kuwa seva kama hizi hazibadiliki badiliki, orodha ni rahisi kuitunza. Na bakapu ikae mahali seva haiwezi kuifikia, tena tuijaribu kuirudisha kweli, maana bakapu ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu. Antivairasi nayo ibaki, sijasema itolewe.

Ninachoomba kwako mkuu ni kwamba kwenye bajeti inayokuja hela ya kuhamisha hizi seva iwe na fungu lake, isimezwe tena na leseni ya antivairasi, na utupe kwa maandishi tarehe ya kuzizima ili tuanze kuhamisha data mapema.