Asante kaka wa baiskeli, Mkunazini, Mji Mkongwe Zanzibar

Jamani kaka sijui hata jina lako ila kama utaiona hii, asante sana. Ni wewe wa kofia na baiskeli ya bluu uliyetukuta na bimkubwa njia panda, ramani ya simu inazunguka tu, ukashuka, "shikamoo mama, mnaelekea wapi?", ukaanza kuikokota baiskeli mdogo mdogo kwa ajili ya goti lake. Sisi tulitaka kanisa la Mkunazini tu, lile lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa, na wewe ndo ulituonyesha lile duara sakafuni karibu na altare, panapoambiwa ndipo ulikuwepo mti wa kuchapia watu, bimkubwa alikaa kimya pale muda mrefu na hukumharakisha. Halafu ukatupitisha vichochoroni mpaka Minara Miwili, lile kanisa la Katoliki, kisha msikiti wa Malindi tukauone ule mnara uliochongoka kama pia, kwa nje tu maana watu walikuwa wanaingia alasiri. Hela ukakataa kabisa, eti "nyie wageni wetu". Haya, ukija Tanga chakula kipo, bimkubwa kasema na samaki atakaanga mwenyewe.