Ukitaka fenicha ya walnati, tuelewane kwanza ni walnati ipi

Siku hizi wateja wengi wanaoingia karakana kwetu Keko, Dar, wanakuja na picha kwenye simu, kabati la kahawia iliyokolea, mistari laini inayopindapinda, vishikio vyeusi, na swali ndo lile lile, fundi hii walnati mnayo? Jibu linategemea unaongelea kitu gani, maana hilo jina kwa hapa mjini linabandikwa kwenye vitu tofauti kabisa, na tunaumia tukiona mtu katoa hela ya mbao halafu kapelekewa karatasi.

Walnati yenyewe ni mbao ya mjozi. Kuna mjozi wa mashariki mwa Marekani, Juglans nigra, huo ndo wenye rangi ya chokoleti na wakati mwingine inavuta kidogo kwenye zambarau, na kuna wa Ulaya na Asia, Juglans regia, rangi yake imepoa zaidi na ndo unaotoa kokwa nyingi za jozi za supamaketi. Ya Marekani ikikauka ina kama kilo 610 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo sio nzito, mpingo unapita 1,200. Raha yake utaijua ukiwa umeshika randa, inakatika kwa ulaini, gundi inashika, msasa ukipita vizuri inaanza kung'aa hata vanishi hujapaka. Na ikishakauka inatulia, haipindi ovyo, inabeba mshtuko bila kupasuka, ndo maana vitako vya bunduki za jeshi la Marekani kama M1 Garand vilikuwa vya walnati. Uingereza nako kuanzia miaka ya 1660 hivi fenicha za watu wenye uwezo zilikuwa za hii mbao, mpaka ile baridi kali ya 1709 ilipoua miti mingi Ulaya na mbao ikaanza kuwa ya shida, watu wakahamia mahogani.

Sasa kuna kitu wateja huwa hawaambiwi. Mbao nyingi zikikaa kwenye mwanga zinakolea, walnati inaenda kinyume, inapauka. Meza yako ya chokoleti ukiiweka dirishani linapopiga jua la mchana, baada ya muda inakuwa kahawia ya asali, na pale ulipoweka chombo cha maua panabaki peusi. Wengine wanaipenda hivyo, ila ujue mapema.

Halafu kuna ishu ya unyevu. Mbao ya nje ya nchi kwa fenicha za ndani huwa inakaushwa kwenye tanuri mpaka unyevu wa asilimia 6 hadi 8, hewa ya Dar ina maji mengi kuliko hapo, kwa hiyo ikifika inaanza kunywa unyevu na kutanuka, afu ukiipeleka chumba cha AC inarudi kusinyaa. Mteja akituletea mbao zake za nje hatuzikati siku hiyo hiyo hata kama ana haraka, tunazipanga na vijiti katikati zizoee hewa kwanza, na meza pana hatuipigi gundi kwenye fremu, tunafunga kwa skrubu kwenye matundu marefu ili mbao ipate pa kutembea. Meza nyingi zinazopasuka katikati tunazoletewa na watu kurekebisha, ukizigeuza chini unakuta zimebanwa kila upande.

Tuje kwenye zile zinazoitwa walnati madukani. Nyingi ni MDF, yaani ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi au plastiki ya rangi ya walnati. Sio kitu kibaya, hata sisi tunatengeneza, ni nafuu na kwa kabati la nguo inafaa, tatizo ni kuuziwa kama mbao. Ukiwa dukani angalia ukingo, kwenye mbao halisi mistari ya juu inashuka na kuendelea pembeni, kwenye karatasi inakata ghafla. Tafuta lile jicho la mbao, kama lipo vilevile sehemu mbili za mlango basi hiyo ni picha. Fungua mlango uchungulie tundu la skrubu la nyuma, ukiona unga laini wa kahawia hiyo ni MDF. Na kama unadeki kwa maji mengi ukiichukua iwekee miguu ya chuma au plastiki, la sivyo chini itavimba kama mkate ulioloweshwa na hapo hakuna fundi wa kuirudisha.

Kuna na mbao inaitwa walnati ya Afrika, inatoka misitu ya Kongo, Kameruni na huko. Huo mti ni Lovoa, sio mjozi kabisa, uko ukoo mmoja na mkangazi, rangi yake ni ya dhahabu-kahawia na mara nyingine ina mistari myeusi. Ni mbao nzuri sana kwa haki yake, tunaomba tu iitwe jina lake.

Ila ukituuliza sisi, kwa sebule ya hapa Dar tutakwambia chukua mninga. Haitanuki wala kusinyaa sana kwa unyevu, hata kuishinda walnati, sehemu ya ndani mchwa wanaisumbua kwa shida, na kuna mbao zake zina kahawia ya chokoleti ukipaka mafuta inakaribia kabisa ile picha ya kwenye simu. Tukikuchagulia tunatoa ile nyeupe ya pembeni karibu na gamba, hiyo ndo dumuzi wanaanzia, fundi akikwambia haina shida kataa.

Ukija kuweka oda njoo na vipimo vya ukuta, picha, na utuambie kama chumba kina AC na jua linaingilia upande gani. Kwenye risiti tunaandika jina la mbao, unene wake, na sehemu gani ni MDF kama ipo, hata kama ni mgongo wa kabati tu.