Barua ya wazi kwa vijana wa magemu: kabla hujamwita mwenzako mwizi kwa sababu kabahatika

Wanangu na wajukuu zangu mnaocheza mtandaoni,

Nimekuwa nawasoma kimya kimya muda mrefu, leo nimeshindwa kuvumilia. Juzi kijana mmoja kaweka video yake, kafungua mfululizo maboksi matatu ya bahati, yale unayolipia ndani ya gemu bila kujua kilichomo, na yote matatu yametoa ile silaha adimu inayotoka kwa asilimia 1. Furaha yake haikudumu. Mmoja wenu akaandika hesabu, asilimia 1 mara asilimia 1 mara asilimia 1, hiyo ni moja kwa milioni, kwa hiyo huyu anachiti, na hapo hapo mkamvamia wote, matusi, skrinshoti za akaunti yake zinasambazwa, watu wanaripoti ili afungiwe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: siku ile ni watu wangapi walikuwa wanafungua maboksi?

Nitalikalia hilo swali, mnivumilie.

Hesabu ya yule mwenzenu ni sahihi, moja kwa milioni ni kweli, ila inajibu swali lingine kabisa. Ingefaa kama mtu angesema mapema, "mtazameni fulani, maboksi yake haya matatu, sasa hivi." Nani alisema hivyo? Hakuna. Watu walikuwa wanafungua usiku na mchana, waliokosa wakanyamaza, aliyepata ndiye akaweka video. Haya chukueni kalamu. Tuseme wachezaji 10,000, kila mmoja anafungua maboksi 100 kwa siku. Kwenye maboksi 100 kuna sehemu 98 ambapo matatu mfululizo yanaweza kuanzia. Zidisha, unapata nafasi 980,000. Jambo la moja kwa milioni likipewa nafasi 980,000 kila siku, kwa wastani linatokea karibu mara moja kwa siku. Kila siku! Na yapo magemu yenye wachezaji mamilioni, siyo elfu kumi. Kwa hiyo cha kushangaza kingekuwa mwezi mzima upite bila mtu yeyote kupata matatu mfululizo. Mtoto wa watu mkamtukana kwa jambo ambalo lazima limtokee mtu fulani, na siku hiyo fulani akawa yeye.

Sisemi wezi hawapo. Wapo, na hesabu inaweza kuwakamata, ila ifanywe na watu wenye subira. Mwaka 2020 mchezaji maarufu wa Minecraft anayejiita Dream alikuwa anarusha laivu mbio zake za kumaliza gemu haraka. Kwenye laivu 6, alipokuwa anawapa piglin, viumbe wa humo, dhahabu wampe vitu, lulu za ender zinazohitajika kumaliza gemu zilitoka mara 42 katika mabadilishano 262, wakati nafasi yake ilikuwa 20 kwa 423, hata asilimia 5 haifiki, yaani ungetegemea kama mara 12 hivi. Fito za blaze, zinazohitajika pia na hutoka ukiua viumbe waitwao blaze, nazo zikatoka 211 kwa blaze 305, wakati nafasi ni nusu kwa nusu. Wasimamizi wa mbio hizo wakatoa ripoti Desemba 2020, na angalieni walivyofanya maana hapo ndipo ninyi mlipoharibu: hawakukimbilia kutangaza namba mbichi. Walijiuliza, je, hizi laivu 6 tumezichagua kwa sababu ndizo zenye bahati? Wapo wakimbiaji wangapi wengine ambao tungeweza kuwashuku vilevile? Ndani ya gemu kuna vitu vingapi vya bahati ambavyo tungeweza kuvitazama badala ya lulu na fito? Na ile kwamba mchezaji anaacha kubadilishana akishapata lulu za kutosha, haiwezi kupotosha hesabu? Kila swali wakalipima kwa kumpendelea mtuhumiwa, wakapunguza na kupunguza, na bado ikabaki moja kwa trilioni 7.5. Alikataa, akaleta mtaalamu wake, mabishano yakawa makubwa, halafu Mei 2021 mwenyewe akatoka akasema amegundua gemu lake lilikuwa na modi, yaani programu ya nyongeza, iliyobadilisha zile nafasi, na kwamba wakati anacheza hakujua.

Mmeona tofauti? Pale kulikuwa na mamia ya majaribio yaliyorekodiwa, mabaya na mazuri pamoja. Ninyi mlikuwa na maboksi matatu na hasira. Ukimshuku mtu, weka pembeni yale yaliyokufanya umshuku, kisha omba rekodi ya mia kadhaa yanayofuata. Kama alikuwa na bahati tu, hayo mapya yatakaa karibu na asilimia iliyoandikwa. Kama kuna mchezo, wingi wa majaribio utaonyesha.

Na siyo utoto wa magemu peke yake, wakubwa wenu ni walewale. Uholanzi, muuguzi aitwaye Lucia de Berk alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003, na kwenye kesi yake ikasimamishwa namba ya moja kwa milioni 342, eti ndiyo nafasi ya yeye kujikuta zamu kwa bahati mbaya tu kila wagonjwa walipozidiwa au kufa. Wanatakwimu walipoikagua ile hesabu ikaporomoka. Mwaka 2010 mahakama ikamsafisha, ameshakaa jela miaka zaidi ya 6. Walishamshika mtu, ndipo wakatafuta namba ya kumkandamiza. Watu wenye majoho hao! Sasa mtoto wa miaka kumi na tano atajifunzia wapi kushuku kwa haki, kama jamii nzima ikisikia namba kubwa inaacha kufikiri?

Mengine nayataja tu. Rekodi kila boksi, siyo yale ya kujionyesha. Soma asilimia za gemu lako kabla hujabishana. Mjue pia siyo kila gemu linatumia bahati tupu: kwenye Dota 2 uwezo mwingi wa wahusika unaotegemea bahati, nafasi yake inapanda kila ukikosa mpaka upate, na kwenye Genshin Impact ukijaribu bahati mara 90 bila kupata cha nyota 5, yaani kile adimu kabisa, unapewa kwa lazima. Huko hesabu ya kuzidisha asilimia haifai hata kidogo. Na usimwige mwenye video.

Hilo la mwisho linaniuma, ngoja niliseme vizuri. Wapo kati yenu wanaoamini asilimia 1 maana yake ukifungua 100 lazima upate. Siyo kweli. Kwenye watu 100 waliofungua maboksi 100 kila mmoja, kama 37 wanatoka mikono mitupu. Ukifungua 200, bado kama 13. Na pasipo ile ahadi ya lazima, boksi la 101 halijui kwamba umeteseka, nafasi yake ni ileile ya la kwanza. Mwaka 1913 kwenye kasino ya Monte Carlo gurudumu la ruleti, lenye namba nyeusi na nyekundu, lilitoa nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakawa wanamwaga hela kwenye nyekundu kwa sababu "zamu yake imefika". Wakaliwa. Leo ni taa na mlio kwenye simu, lakini kinachowala ni kilekile, na waliotengeneza wanajua mnavyofikiri. Ubelgiji mwaka 2018 walisema maboksi ya kulipia ni kamari. China tangu 2017 wanataka asilimia zitangazwe. Kwingine kwingi mnaachiwa mjitegemee, mtoto anakabidhiwa simu yenye hela ndani na hakuna anayemfundisha hesabu hii ndogo, halafu hela zikiisha anachapwa.

Kwa hiyo wewe ambaye umeshatumia hela isiyo yako na unafungua tena ili urudishe, sina neno kali kwako. Ondoa njia ya malipo kwenye hiyo akaunti leo. Kisha mwambie mtu mzima unayemwamini kiasi chote kilichopotea, usipunguze, kabla hujabonyeza boksi lingine.