Hizo meseji za mama

Somoe mwenzangu,

Assalam aleikum. Habari za Nachingwea, watoto hawajambo? Huku Mtwara sote wazima, joto tu. Najua nimekuwa kimya, na umenisema vya kutosha kwa Mwanahawa, basi yaishe. Nakujibu hili la meseji za matapeli kwenye simu ya mama haraka, maana malipo ya korosho yakianza kuingia hawa watu hawalali.

Kwanza asijibu. Hata tusi asirudishe. Wanatuma kwa mafungu bila kumjua mwenye simu. Anayejibu, hata kwa "sikujui", ndiye anayewaonyesha kuwa laini ina mtu.

Kuzuia namba kunasaidia kidogo, kesho watakuja na nyingine. Kinachowauma ni laini kufungiwa. Asambaze meseji yenyewe kwenda 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, asubiri ijibu, kisha aandike namba iliyomtumia. Wengi wanaishia hatua ya kwanza. Meseji ikisambazwa haibebi namba ya aliyeituma, sasa wamfungie nani? Kwa kitochi chake, namba aiandike kwanza kwenye karatasi, asije akamripoti shemeji. Nawe kwenye simu janja yako ripoti kwanza ndiyo uzuie, la sivyo utaanza kuitafuta meseji ilikojificha.

Ila inayonitia wasiwasi ni ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Haina ujanja wowote, inangoja tu impate mtu ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela. Na mama msimu huu ana wapuliziaji, ana vibarua waliookota, wote wanamngoja! Watu wanaambiwa waangalie jina kabla ya kuweka namba ya siri. Sawa, lakini tapeli ameshaandika humo humo "jina litakuja fulani", na kweli linakuja. Hapo umethibitisha nini? Kwamba anaijua laini yake, basi. Wengi wa hao majina si yao hata kidogo, ni ya watu waliowekeshwa kidole mara mbili mbili barabarani wakati wa kusajili. Kwa hiyo wekeaneni sharti nyumbani: namba mpya ya hela haipokelewi kwa meseji. Ampigie mhusika kwa namba aliyo nayo siku zote, asikie sauti.

Akiambiwa "nimekosea, nirudishie", aangalie salio kwenye menyu, si kwenye meseji. Meseji ya kweli huja kwa jina la huduma, si kwa namba ya 06 au 07. Na hata kama hela imeingia kweli, asirudishe kwa mkono wake. Aliyekosea apige 100, wairudishe wao. Vinginevyo mama atarudisha, na mwenzake naye ataomba muamala ubatilishwe, hela itoke mara mbili.

Mtandao ukimpigia utatumia 100. Namba nyingine ikijiita huduma kwa wateja, akate. Wakimwambia abonyeze kitu kinachoanza na *21* au **21*, hapo wanahamishia simu zake kwao. Akishabonyeza, ##002# inafuta. Na ikitokea ametuma hela, apige 100 palepale. Ikishatolewa kwa wakala, kazi imekuwa ngumu. (Wakala naye atasema hakumwona mtu. Haya.)

Nilisahau, *106# aipige kwenye kila laini aone kama kuna namba asiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ikiwepo, aende dukani kwa mtandao huo ikafutwe.

Sasa niambie, laini zake ni ngapi? Kitambulisho cha NIDA anacho mwenyewe au kiko kwa kaka yako? Meseji anasomewa na nani, yule mjukuu? Na namba ya siri, wangapi hapo nyumbani wanaijua? Mwanahawa anashuka lini, nimpe ile simu ya akiba?

Wako,
Hadija