Malalamiko Kuhusu Nyumba ya Juu ya Mti Niliyoilipia Nikaishia Kulala Ndani ya Gari

Dodoma,
12 Machi 2025.

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA MALAZI YA TAREHE 7 NA 8 MACHI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nafundisha Jiografia na Biolojia, na niliweka nafasi ya kulala siku mbili katika nyumba yenu ya juu ya mti iliyomo kwenye msitu wa miombo, vilimani Kondoa. Bei yenu ni shilingi 180,000 kwa usiku mmoja. Kwa kuwa nilisema nitakuja peke yangu, ofisi yenu iliniongezea shilingi 60,000 kwa kila usiku, kwa maelezo kwamba nyumba imejengwa kwa ajili ya watu wawili na kwamba anayelala peke yake anaziba nafasi ya mwenzake. Sikubisha; nililipa shilingi 480,000 zote kwa simu tarehe 20 Februari na mkanitumia ujumbe wa kukiri kuzipokea. Naanza na nyongeza hiyo kwa makusudi, kwa sababu nilitozwa kwa kuwa niko peke yangu, kisha kuwa peke yangu huko huko ndiko kulikotumiwa kuninyima nilichokilipia.

Niliondoka Dodoma siku ya Ijumaa saa tano asubuhi, nikapita Makutupora, Mayamaya na Chemba bila shida yoyote, kwani barabara ya kwenda Babati ni lami tupu na haina la kulalamikia. Shida ilianza baada ya kuiacha lami. Siku mbili kabla ya safari nilimpigia mhudumu wenu kumuuliza kama gari dogo litafika, akanijibu kwamba hata baiskeli inafika. Pengine alikuwa sahihi kuhusu baiskeli, maana baiskeli hubebwa begani. Mwendo wa kilomita nne kutoka barabara kuu nilikuta korongo lenye maji na mchanga laini, na gari langu likazama hadi kwenye vitovu vya magurudumu. Nilikaa hapo zaidi ya saa mbili, mpaka vijana watano wa kijiji cha jirani, wote wamefunga maana ulikuwa mwezi wa Ramadhani, waliponisukuma hadi ng'ambo. Maji niliyowapa waliyakataa kwa sababu ya swaumu, na fedha walizikataa pia, hadi niliposema ni mchango wangu wa futari.

Hamwezi kudai kwamba korongo liliwashtukiza. Machi ni masika kwetu, na Kondoa ndiyo wilaya ninayoitumia darasani kila mwaka ninapofundisha mmomonyoko wa udongo: ardhi yake iliharibika kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi ili miti na majani viweze kuota tena. Anayefanya biashara ya kuuza kivuli cha miti ya Kondoa anapaswa kuyajua makorongo ya Kondoa kuliko mgeni anayepiga simu kuuliza.

Hata hivyo, hilo la njia ningelisamehe. Nilifika saa kumi na mbili kasorobo jioni nikiwa na matope hadi magotini, nikakuta nyumba niliyoichagua, ile iliyo kwenye mninga mkubwa na ambayo picha yake mnaitumia katika tangazo, imekwisha kupewa kundi la watu wanne waliofika saa kumi bila kuweka nafasi. Kijana wa mapokezi hakukana kwamba jina langu lilikuwa daftarini. Aliniambia kwa upole kabisa, nami nanukuu maneno yake kama yalivyotoka: "Dada, wewe si uko peke yako? Wale wana familia, wewe utajibana tu." Nilipomkumbusha kwamba nililipa kama watu wawili, alisema hilo ni la ofisi ya Dodoma na si lake. Kisha akaniuliza kwa nini mume wangu hakunisindikiza, swali ambalo sikuliona katika masharti yenu ya kuweka nafasi.

Niliyopelekwa kuiona badala yake haikuwa nyumba. Waliolelewa Ugogoni, kama mimi, wanaujua ulingo, yaani jukwaa la miti linalosimamishwa shambani ili mtu akae juu yake akiwafukuza ndege wasile mtama na uwele. Nililoonyeshwa lilikuwa ulingo uliotandikwa godoro. Ngazi ilikuwa na vipago kumi na viwili, vitatu kati yake havikuwepo na kimoja kilizunguka nilipokikanyaga; mlango haukuwa na komeo wala kitasa; na upande unaotazama bondeni haukuwa na kizuizi chochote zaidi ya kamba ya katani iliyofungwa usawa wa paja.

Kilichonishtua zaidi ni jinsi jukwaa lenyewe lilivyoshikizwa. Limefungwa kwenye shina kwa waya wa seng'enge uliozungushwa mara tatu na kukazwa, na ganda la mti limeshaanza kuvimba juu ya waya na kuumeza. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeweza kuwaeleza kinachofuata: shina hunenepa kadiri miaka inavyokwenda, waya haunenepi, na tabaka la chini ya ganda linalosafirisha chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi hubanwa hadi likakatika. Mti hufa taratibu ukiwa umesimama, na aliyelala juu yake hana habari. Wajenzi makini wa nyumba za namna hii hutumia boliti chache nene zinazoingia moja kwa moja ndani ya shina na kuacha nafasi ya mti kukua na kuyumba. Tangazo lenu linajilinganisha na hoteli ya Treetops ya Aberdare nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1932 juu ya mti wa jamii ya mkuyu, na ambako Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alilala usiku wa Februari 1952 baba yake alipofariki, naye akawa malkia bila kujua. Mimi sikuja kutafuta ufalme, Ndugu Meneja. Nilitaka komeo.

Niliteremka, nikalala ndani ya gari langu nimejifunga khanga mbili, vioo nikiviacha wazi kidogo ili nipate hewa. Mtumishi wenu pekee aliyenitendea utu usiku ule ni mzee anayelinda lango, ambaye baada ya kusikia fisi wakilia upande wa bonde alikuja kunigongea kioo, akaniambia, "Mwanangu, usishuke hovyo," akanipa tochi yake, naye akaketi karibu na moto hadi alfajiri. Sitaki mzee huyu aulizwe lolote kwa sababu ya barua hii.

Jumamosi asubuhi niliondoka bila kungoja chai, nikalala usiku wa pili katika nyumba ya wageni mjini Kondoa kwa shilingi 35,000, na jioni yake nikaenda Kolo kutazama michoro ya miambani. Siku hiyo haiwahusu, isipokuwa gharama ya chumba.

Nilipopiga simu ofisini kwenu Jumatatu, nilijibiwa kwamba fedha hazirudishwi kwa mteja aliyeondoka kwa hiari yake. Sikuondoka kwa hiari yangu, kwa kuwa sikuwahi kuingia mahali nilipopalipia. Ninaomba kwa hiyo mnirejeshee shilingi 480,000 pamoja na 35,000 za nyumba ya wageni, jumla shilingi 515,000, ndani ya siku kumi na nne tangu kupokea barua hii. Fedha nilizowapa vijana wa korongoni sizidai, kwa maana ile ilikuwa sadaka yangu na sipendi kuiuza. Siku hizo zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko haya kwenye Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya Mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, nikiambatanisha picha za ngazi na za waya, ujumbe wenu wa kukiri malipo, na tangazo lenyewe.

Ninaomba pia kwamba ule ulingo usipangishwe kwa mtu yeyote hadi waya ukatwe na mti ukaguliwe na mtaalamu wa misitu, na kwamba mhudumu anayepokea simu apelekwe kulitazama korongo kwa macho yake kabla masika hayajaisha.

Katika purukushani za kuondoka nilisahau kumrudishia mzee wa langoni tochi yake. Nitaituma kwa basi la Kondoa siku ya Ijumaa, nikiwa nimeitia betri mpya, na nitawapigia kuwapa jina la basi ili mtu wenu aipokee stendi na kumfikishia.

Wenu,
Mteja wa tarehe 7 na 8 Machi,
Dodoma.