Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya kijana aliyedondoka mwembeni, Ujiji

Asalaam aleykum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari zenu. Familia yetu ya hapa Ujiji inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, marafiki na majirani mliokuwa nasi toka kijana wetu alipopata ajali mpaka juzi Jumanne aliporuhusiwa kutoka hospitali. Hayo ndo maneno aliyoniandikia mdogo wangu nibandike, nikayasoma nikaona hapana, ntaandika mwenyewe kama mama mtu, mtanivumilia nikirefusha.

Kwa ambao hamjapata habari vizuri, mtoto ana miaka 7, na msimu wa maembe mnaujua ulivyo huku kwetu, watoto hawakai chini. Tawi lilikatika akaja nalo, mfupa wa paja kushoto ukavunjika. Kaka wa bodaboda uliyetukimbiza hukutaka hata mia, Mungu akuone. Mliotuma kwa simu elfu 2, elfu 5, na yule mama wa mawese aliyenishikisha elfu 1 imekunjwa ndogooo kama kidonge, zote zilifika na zote zimefanya kazi, maana wanaotibiwa bure ni walio chini ya miaka 5 na huyu wetu kashapita, bima hatuna, baba yake ni mtu wa dagaa kule Kibirizi na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala mwaloni hakuna kitu. Na sisi ajali imetukuta mwezi mpevu. Daftari la michango liko kwa baba mkubwa, anayetaka kuliona akalione.

Sasa leo nataka niwashukuru watu ambao hawakutoa hata shilingi, na hapohapo niwaombe radhi mbele za watu, kwa sababu nilichowafanyia nilikifanya mbele za watu.

Mtoto aliwekwa wa kuvutwa mguu. Wasiojua ni kwamba wanabandika plasta ndefu huku na huku, inaunganishwa na kamba, kamba inapita kwenye kapi mwisho wa kitanda na kule chini unaning'inia mzigo, kitanda chenyewe kimeinuliwa upande wa miguu, mtoto analala chali usiku na mchana mpaka mfupa ushike. Wiki 5! Baba yake alivyoliona lile kapi akasema kumbe mambo ya mashua haya, akacheka peke yake akatoka nje, nikajua kaenda kulia. Mtoto aliyezoea kutwa kuruka ziwani unamwambia lala uangalie dari. Mwanzo alilia sana, hiyo sawa. Kilichonitisha ni aliponyamaza. Uji anageuza uso, migebuka ya kukaanga ambayo nyumbani anagombea kichwa na dada yake, hataki, bibi yake akimuita anafumba macho.

Jumamosi saa tisa wakaingia vijana watano, wawili nawajua sura, dada mmoja anashona pale Mwanga na mwingine ni wa bodaboda. Wana kingoma kidogo na mfuko. Nikajua mfuko una sabuni na sukari, kumbe soksi! Baba mtoto akaninong'oneza hawa watapiga picha warushe mtandaoni wapate jina kwa shida za watu. Mimi sasa, Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti kabisa wodi nzima isikie, kama hawana cha kuleta si wangebaki kwao, hapa ni hospitali sio kwenye harusi. Walisikia. Yule dada hakujibu, akasogea kitandani akamuuliza mtoto, sio mimi, mtoto: tukae kidogo au tupite? Mtoto akatikisa kichwa hataki. Wakapita. Hapo ndo niliposhtuka kidogo, maana toka tufike hakuna aliyemuuliza yule mtoto anataka nini, sindano haina kuuliza, na hata sisi wazazi tulikuwa tunaamua tu.

Jumamosi iliyofuata wakarudi, mtoto bado kanuna. Yule dada akatoa kwenye mfuko soksi kuukuu ya shule, nyeupe iliyoshageuka rangi ya udongo, macho ni vifungo viwili visivyofanana, kimoja cheusi kimoja cha bluu. Ameishonea vimiguu vya kitambaa, cha kushoto kimefungwa bandeji na uzi, akaupitisha uzi juu ya chuma cha kitanda, mwisho wa uzi kananing'inia kajiwe ka ziwani. Akasema huyu naye kadondoka mwembeni, haongei na mtu, kwa hiyo usimsumbue. Akaenda zake.

Usiku kama saa nne nasikia mnong'ono nikadhani anaota. Kumbe anaiuliza soksi, we ulifuata embe gani? Jamani. Siku 9 sijasikia ile sauti, nilijifunika khanga usoni kama nimelala nisije nikaiharibu.

Kuanzia hapo soksi ndo mgonjwa mkuu. Sista akija kumshika vidole vya mguu kuangalia kama vina joto na kama anahisi akiguswa, mtoto anamwambia anza na huyu. Na sista mwenye wodi nzima ya kuhudumia alikuwa anakishika kile kitambaa anauliza, unahisi? Asante sana sista, wala hukuwa na lazima. Uji ikawa soksi inaonja kwanza, yeye anamalizia.

Na zile picha tulizozisema hawakupiga hata moja. Baadae nilivyozoeana nao nikajua wana taratibu zao, wanaomba ruhusa kwa sista, wananawa mikono, mwenye mafua haji, na chakula hawampi mtoto wa mtu. Yule mwenzao wa bodaboda akanihadithia kuwa Marekani kule New York kuna watu wa sarakasi walianza kuingia wodi za watoto mwaka 1986 kuwachekesha, wamevaa mapua mekundu. Wao pua hawavai, kuna watoto wanaogopa.

Basi vijana, lile neno langu la siku ile nalifuta, mnisamehe, na baba mtoto naye kaniambia niandike hivyo hivyo, yeye anaona aibu.

Sasa hivi anatembea kwa magongo, daktari kasema mwembe hapana. Siku ya kutoka alifungua uzi mwenyewe, kijiwe akakitia mfukoni, soksi kamwachia mtoto wa kitanda cha pili aliyeungua uji wa moto mkononi. Dada fundi, ana ujumbe wako: huyu wa sasa sio mguu, ni mkono, uhamishe bandeji.

Ijumaa baada ya alasiri kutakuwa na dua fupi hapa nyumbani na wali utakuwepo, wote mnakaribishwa. Mwenye soksi iliyopotelewa na mwenzie asiitupe, aifue aje nayo, na vifungo pia hata visivyofanana.

Ni sisi wazazi, bibi, dada yake, na yeye mwenyewe ambaye anasema niwaambie lilikuwa embe dodo.